Yowe, Chungu na Isale: Uhakiki wa Lugha ya Ulinzi wa Raia katika Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ambayo wakazi wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro wameitumia kujilinda wao wenyewe na jamii zao dhidi ya wizi na uvamizi. Tanzu tatu zinachunguzwa: yowe la "Mwizi!", apizo la kuvunja chungu, na ishara ya jani la isale. Kwa kuongozwa na mawazo ya Mulokozi (1989) kuhusu tanzu za fasihi simulizi na nadharia ya tendo uneni ya J. L. Austin, makala inadai kwamba tofauti ya msingi baina ya tanzu hizi imo katika namna kila mojawapo inavyoushughulikia muda na shaka. Chungu kina sharti na siku za kungoja, na isale lina njia ya kurudi. Yowe halina hata kimoja kati ya hivyo. Makala inahitimisha kwamba mauaji ya washukiwa mikononi mwa umati, licha ya kuwa suala la sheria, ni suala la utanzu mmoja kubaki peke yake baada ya tanzu zilizokuwa zikiuzuia kunyamazishwa.

1. Utangulizi

Kihamba cha Uchaga ni mahali pa kusikia kuliko kuona. Migomba, mibuni na miti ya kivuli huifunika nyumba kiasi kwamba jirani anaweza asilione paa la mwenzake ilhali anamsikia akikohoa. Njia nyembamba hupita katikati ya vihamba, na mgeni asiyezijua hupotea upesi. Katika mandhari kama hayo ukuta na taa huja baadaye. Ulinzi wa kwanza wa mtu ni sauti yake, na ulinzi wa pili ni masikio ya jirani.

Historia ya eneo hili inathibitisha kwamba ulinzi ulikuwa kazi ya watu wenyewe muda mrefu kabla ya kuwapo kituo cha polisi. Huko Marangu na Mamba yangalipo mahandaki yaliyochimbwa ili watu na mifugo wajifiche wakati wa uvamizi, uwe wa Wamaasai au wa himaya jirani ya Wachaga wenyewe. Handaki ni ulinzi wa kunyamaza: anayejificha humo huomba mtoto asilie na ng'ombe asilie. Yowe ni kinyume chake, kwani anayelipiga hujitangaza alipo ili wengine waje. Jamii iliyojua kuchimba handaki ilijua pia lini inyamaze na lini ipaze sauti, na maarifa hayo ya kuchagua baina ya kimya na kelele ni sehemu ya sanaa inayochunguzwa hapa.

Wataalamu wa sheria na wa sosholojia wameyaandika mengi kuhusu raia wa Tanzania na ulinzi. Abrahams na Bukurura wameyachunguza makundi ya sungusungu ya Usukuma na Unyamwezi. Moore (1986) ameieleza kwa kina sheria ya Wachaga ilivyobadilika katika muda wa karne moja. Lugha yenyewe, yaani maneno ambayo watu huyatamka wakati wa kujilinda, haijapata uzito huohuo. Imechukuliwa kuwa ni kelele inayoandamana na tendo. Makala hii inashikilia kwamba mara nyingi lugha hiyo ndiyo tendo lenyewe.

2. Yowe kama utanzu

Mulokozi (1989) alizigawa tanzu za fasihi simulizi kwa kutazama umbile na tabia ya sanaa pamoja na muktadha na namna ya uwasilishaji. Katika mgawanyo wake kuna mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Yowe halikutajwa, na si ajabu, kwa kuwa linaonekana kuwa fupi mno na la ghafla mno kuweza kuitwa sanaa. Hata hivyo, vigezo hivyohivyo vikitumiwa, yowe hujitokeza kuwa na umbile na muktadha unaotambulika. Lina fanani, ambaye ni mtu aliyevamiwa au aliyeshuhudia. Lina hadhira, ambayo ni kila aliye ndani ya upeo wa sauti. Lina mahali na wakati wake. Lina pia kanuni za uwasilishaji: hupazwa, hurudiwa, na hupokezanwa kutoka kihamba hadi kihamba, ili anayelisikia wa tatu ajue lilikotoka hata kama hakumsikia wa kwanza.

Kwa umbile, yowe linasimama mpakani mwa semi na ngomezi. Kama semi, lina neno lenye maana. Kama ngomezi, maana yake inabebwa zaidi na mlio kuliko neno. Lugha ya Kiswahili inalitambua hilo kwa wingi wa msamiati wake: yowe, ukunga, ukemi, mbiu. Inalitambua pia katika methali ya La mgambo likilia kuna jambo. Methali hii haisemi ni jambo gani. Inamtaka msikilizaji atoke, asogee, akajue. Kwa maneno mengine, katika hekima ya methali, mlio ni mwito wa kwenda kuuliza. Jibu hupatikana huko huko mtu anakoitiwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotea yowe linapopata neno "Mwizi!". Mwito wa kwenda kuuliza unageuka kuwa hukumu iliyokwisha kutolewa, na msikilizaji anafika mahali pa tukio akiwa hana swali.

Sababu yake inaonekana katika mofolojia. Nomino mwizi imenyambuliwa kutokana na kitenzi iba kwa kiambishi tamati -i, ambacho huathiri konsonanti inayokitangulia. Kwa njia hiyohiyo jenga huzaa mjenzi, penda huzaa mpenzi na linda huzaa mlinzi. Nomino za aina hii hazielezi tendo moja lililofanyika saa fulani. Hueleza hali, kazi au tabia ya mtu. Mjenzi ni mjenzi hata siku asiyojenga. Basi anayepaza sauti na kusema "Mwizi!" hasemi kwamba mtu huyu amechukua simu. Anasema mtu huyu ni wa aina fulani ya watu. Kiswahili kina njia nyingine za kusema. "Nimeibiwa!" humtaja aliyedhurika na tukio, wala hakimtaji mkosaji. "Ameniibia!" humtaja mkosaji kupitia tendo lake na humwacha mlalamikaji ndani ya sentensi, akiwa shahidi wa madai yake mwenyewe. "Mwizi!" huwaondoa wote wawili, mlalamikaji na tendo, na kumwacha mshukiwa peke yake.

Ni vyema pia kutambua kwamba mwizi na mlinzi ni maneno yaliyofinyangwa kwa udongo mmoja. Umbo lao la kimofolojia ni lilelile. Usiku, katika njia ya kihamba, mtu anayekimbia anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili, na kilichobaki kumtofautisha ni neno litakalotangulia kutamkwa.

3. Yowe na masharti ya ufanisi wake

Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionesha kwamba kuna usemi ambao haueleweki vizuri kwa kuuliza kama ni kweli au si kweli. Usemi huo hutenda: huahidi, huapisha, huozesha, huonya. Ili utende ipasavyo, lazima masharti fulani yatimie. Anayeozesha awe na mamlaka ya kuozesha. Maneno yawe yale yaliyokubaliwa. Mahali na wahusika wawe sahihi.

Kwa mtazamo huu, nguvu ya yowe inatokana na uchache wa masharti yake. Yeyote anaweza kulipiga. Chukulia mjane anayekaa peke yake kwenye kihamba cha juu, mbali na barabara, ambaye wanawe wako Dar es Salaam. Hana silaha, hana mbwa, na kituo cha polisi kiko mwendo mrefu. Alicho nacho ni sauti na haki ya kuitikiwa. Yowe halimwulizi ana cheo gani. Halimtaki athibitishe kwanza. Kama lingedai ushahidi, lisingemwokoa. Hii ndiyo heshima ya utanzu huu, na uhakiki wowote unaoudharau utakuwa umewasahau wale wasio na kinga nyingine.

Lakini uchache huohuo wa masharti ndio hatari yake. Katika soko la Mbuyuni au Kiboriloni, ambako umati umekwishakusanyika na watu hawafahamiani, yowe halihitaji kupokezanwa. Linaitikiwa papo hapo na watu ambao hawamjui aliyelipiga wala aliyepigiwa. Kule kihambani, anayeitikia yowe anaijua sauti: ni ya fulani, ambaye hana kawaida ya kulalamika ovyo, au ni ya fulani, ambaye juzi aligombana na jirani yake kwa ajili ya mpaka. Kumjua fanani kulikuwa sharti lisilotamkwa. Yowe lilipohama kutoka kihambani kwenda mjini, neno lilihama nalo. Sharti lilibaki nyuma.

Siku hizi yowe limepata pia chombo kipya. Picha ya mtu husambazwa katika vikundi vya simu vya mtaa ikiwa na maneno machache chini yake, na hupokezanwa kama yowe la kihambani lilivyopokezanwa. Hata hivyo, sauti ya binadamu hufifia kwa umbali na hukoma asubuhi. Picha haifanyi hivyo. Mwezi mmoja baadaye ingali inapiga yowe, kwa watu wasiojua lilianzia wapi.

4. Chungu: sentensi yenye sharti

Apizo la chungu linajulikana sana Uchagani, na hata kwa majirani wa Meru. Maandishi ya Dundas (1924) na ya Gutmann (1926) yanaonesha jinsi viapo na laana vilivyokuwa na nafasi katika kutafuta haki Kilimanjaro. Kwa ujumla desturi huwa hivi: mtu aliyeibiwa, akishindwa kumpata aliyemwibia, huwaendea wazee wenye mamlaka ya chungu. Tangazo hutolewa hadharani kwamba kitu fulani kimepotea na kwamba chungu kitavunjwa. Siku hutolewa. Kitu kikirudishwa, hata kwa siri, hata kwa kuachwa usiku mlangoni, shauri huishia hapo. Kisiporudishwa, chungu huvunjwa kwa maneno maalumu, na jamii hungoja kuona msiba utamwangukia nani.

Vitabu vya fasihi simulizi huyaweka maapizo katika kundi la tungo za mazungumzo na kuyaeleza kwa maudhui yake: kisasi, onyo, mafunzo ya maadili. Kinachoachwa ni sarufi. Apizo la chungu, kwa muundo wake, ni sentensi changamano yenye kishazi cha masharti au cha rejeshi: aliyechukua kitu hiki, kama hatakirudisha, basi na yampate haya. Muundo huu una mambo matatu ambayo yowe halina. Kwanza, mkosaji anatajwa kwa tendo lake, kwa kirejeshi a-li-ye-, na jina halitajwi. Asiyechukua hayumo ndani ya sentensi. Pili, kuna kama, neno dogo linaloacha mlango wazi hadi siku ya mwisho. Tatu, hukumu iko katika hali ya kutakia, si katika hali ya kuarifu. Wanaosema hawadai kujua. Wanaukiri ujinga wao na kuukabidhi kwa nguvu inayojua.

Shaka, kwa hiyo, imejengwa ndani ya sarufi ya apizo. Jamii inayovunja chungu ni jamii inayosema kwamba haijui ni nani. Jamii inayopiga yowe la "Mwizi!" inasema inajua. Kwa ajabu, ile inayokiri kutojua ndiyo iliyo na utaratibu mrefu, mamlaka maalumu na siku za kungoja. Ile inayodai kujua haina hata dakika moja.

Hekima ya muda haimo kwenye chungu peke yake. Siku za mwizi ni arobaini, husema Waswahili, na methali hiyo mara nyingi hunukuliwa kama kitisho. Ikisomwa vizuri, ni methali ya subira: inahesabu siku, wala haihesabu mawe. Augustine Mrema, mzaliwa wa Kiraracha katika Vunjo na Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia mwaka 1990, alijulikana nchi nzima kwa amri zake za siku saba. Wengi waliziona kuwa mtindo wake binafsi wa kisiasa. Mhakiki wa fasihi simulizi anaweza kuzisikia kwa namna nyingine. Tangazo la hadharani, muda uliowekwa, nafasi ya kujisalimisha bila kutajwa, na kitisho kinachongoja mwisho wa muda huo ni vijenzi vilevile vya tangazo la chungu. Si lazima kudai kwamba waziri aliiga desturi ya kwao. Inatosha kuona kwamba hadhira ya Kilimanjaro ilikuwa tayari na masikio ya kulisikia tangazo la aina hiyo.

Haifai, hata hivyo, kukipamba chungu. Apizo lake huaminiwa kuwa halimwachi mkosaji peke yake, bali huweza kuwafikia watoto na ukoo mzima. Ukoo wenye hofu humbana mtu wake arudishe alichochukua, na hapo ndipo nguvu ya kijamii ya desturi ilipo. Lakini hofu hiyohiyo humfanya mtoto asiyejua lolote aishi chini ya kivuli cha kosa la mjomba. Makanisa, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, yameipinga desturi hii kwa sababu za imani. Hoja ya makala hii haihusu kama chungu kinaua. Inahusu kile ambacho sentensi yake iliwafundisha watu kukifanya kabla ya kuua: kutangaza, kuhesabu siku, na kusema kama.

5. Isale: ishara isiyo na neno

Utanzu wa tatu hauna neno. Isale ni mmea unaopandwa kuzunguka kihamba kuwa mpaka, na ndiyo alama inayotambulika zaidi ya umiliki wa ardhi Uchagani. Ni mmea huohuo ambao jani lake hupelekwa na anayeomba msamaha. Aliyekosa, akifika na isale, huwa ameweka mbele ya aliyekosewa ombi ambalo ni vigumu sana kulikataa bila kujitia aibu mbele ya jamii.

Kisemiotiki, muungano wa maana hizi mbili ni wa kushangaza. Alama ya "usivuke hapa" ndiyo alama ya "nimevuka, nisamehe". Ua na upatanisho vimepandwa kwenye shina moja. Jamii iliyochagua alama hiyo haikuwa na ulegevu kuhusu mipaka. Mashauri ya mipaka ya vihamba yamejaa katika kazi ya Moore. Bali ilielewa kwamba jirani aliyevuka mpaka leo ataendelea kuwa jirani kesho, kwa kuwa kihamba hakihamishwi. Ulinzi usiokuwa na njia ya kumrudisha mkosaji ungeubomoa mtaa wenyewe unaolindwa.

Katika masoko na stendi ya mabasi ya Moshi, isale halina wa kupelekewa. Mshukiwa aliyezingirwa na umati hana aliyemkosea mmoja anayeweza kumwendea. Amekosana na wote, na hivyo hakuna mwenye mamlaka ya kusamehe. Huu ndio upweke ambao neno "Mwizi!" linaujenga: kila mtu ana haki ya kupiga, hakuna mwenye haki ya kuachilia.

6. Kutoka mgambo hadi shirikishi

Majina ambayo taifa limeupa ulinzi wa raia yanasimulia mvutano huohuo. Neno mgambo lilikuwa jina la tangazo la hadhara na baragumu lililolitangaza. Leo ni jina la askari wa akiba, na tangu Sheria ya Jeshi la Mgambo ya mwaka 1973 limekuwa neno la dola. Mlio umegeuka kuwa mtu mwenye sare. Kilichokuwa mwito wa wote kimekuwa kazi ya wachache.

Sungusungu walitokea mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukuma na Unyamwezi, wakati wizi wa ng'ombe na silaha zilizosambaa baada ya vita vya Kagera vilipowalemea wanavijiji. Marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yaliwapa nafasi ya kisheria, na chini ya Mrema utaratibu huo ulihimizwa mijini na katika mikoa ambayo haikuwa na asili yake, Kilimanjaro ikiwamo. Sitiari ya jina ni ya chungu wadogo weusi wanaouma na kutoka kwa wingi wanapochokozwa. Ikumbukwe kwamba umbo la nomino hii halibadiliki katika umoja na wingi: sungusungu mmoja, sungusungu mia. Mlinzi huzaa walinzi, na katika mabadiliko hayo kila mmoja huhesabika. Sungusungu hahesabiki. Sitiari inayosifu umoja wa wanyonge ndiyo inayoficha mkono wa mmojammoja pale kosa linapotendeka.

Istilahi ya karibuni zaidi, ulinzi shirikishi, iliyoenea katika miaka ya 2000 pamoja na polisi jamii, imejengwa juu ya kitenzi cha kusababisha, shirikisha. Kila kushirikisha kuna anayeshirikisha na anayeshirikishwa. Sarufi ya istilahi inaiweka dola katika nafasi ya mtenda na raia katika nafasi ya mtendwa, ilhali historia inaonesha kwamba raia walianza na dola ikafuata. Hata hivyo, istilahi hii ina faida moja ambayo sungusungu haina: inamkumbusha mlinzi wa mtaa kwamba kuna mwingine wa kukabidhiwa mshukiwa. Kushirikiana ni kutomaliza shauri peke yako.

Jambo hilohilo limo katika tofauti ya majina ya vitabu. Gutmann aliuita utaratibu wa Wachaga kuwa ni sheria katika jina la kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1926. Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyeandika kwa Kiswahili mwaka 1953, aliyaita maisha hayo desturi. Petro Itosi Marealle, mangi wa Marangu, katika kitabu chake cha mwaka 1947 alichagua neno maisha, yaliyoanzia hapa duniani na kuendelea ahera. Kila neno lina matokeo yake. Kinachoitwa sheria hujadiliwa barazani. Kinachoitwa desturi huhifadhiwa au huachwa, wala hakiulizwi kama kina hoja. Chungu na isale, baada ya kuitwa desturi, zilitolewa katika mjadala wa haki na kuwekwa katika maonesho ya utamaduni. Yowe, kwa kuwa halikuwahi kuitwa chochote, lilibaki mtaani likifanya kazi.

7. "Wananchi wenye hasira kali"

Mshukiwa anapouawa, utanzu wa nne hulihitimisha tukio: habari ya gazeti. Kirai wananchi wenye hasira kali kimekuwa fomula katika uandishi wa habari wa Tanzania, na kama fomula zote, kimeacha kusikika. Mtu "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda yupo, lakini hana jina, umri wala mtaa. Nomino yenyewe, mwananchi, ni ya heshima. Ni mwana wa nchi, neno la uhuru na la katiba. Hasira imewekwa kuwa sifa inayoeleza na kusamehe kwa wakati mmoja. Aliyekufa, kwa upande wake, huitwa kibaka au mtu anayedhaniwa kuwa jambazi. Hakuna habari inayomwita mwananchi, ingawa naye ni mwana wa nchi hiyohiyo.

Msamiati wa wakosaji una ngazi zake pia. Jambazi ana silaha, na umati humwogopa. Fisadi ana ofisi, na hupelekwa mahakamani akiwa na wakili. Kibaka, aliyebebeshwa ki- kama vitu na vidogo, ana miguu tu. Hakuna soko ambamo mtu hupaza sauti na kusema "Fisadi!" mawe yakaokotwa. Yowe, lililokuwa kinga ya mnyonge, limekuwa likimwangukia mnyonge mwingine.

Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiorodhesha vifo vya watu waliouawa na umati, na Kilimanjaro haikusazwa na tatizo hili la nchi nzima. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Ibara hiyo, ikitazamwa kisarufi, imejengwa kama chungu: ina sharti, ina muda, na inakiri kwamba bado haijulikani. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba dhana ya kungoja uthibitisho ililetwa miteremkoni na mahakama za kikoloni. Ilikuwamo tayari katika sentensi ya wazee, ingawa waliomkabidhi uchunguzi hawakuwa polisi.

Fasihi andishi ya Kiswahili nayo ilianza hadithi zake za upelelezi kwa raia wa kawaida. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, si askari. Ni mtu anayeuliza, anayesikiliza, na anayekataa kuridhika na jibu ambalo kila mtu amekwisha kuliamini. Raia anayelinda jamii yake kwa kuuliza si mgeni katika fasihi hii. Ni fomula ya gazeti iliyomsahau.

8. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro hawakuwa na lugha moja ya kujilinda. Walikuwa na yowe la kukusanya watu, chungu cha kungojea ukweli, na isale la kumrudisha aliyekosa. Tanzu hizo zilitegemeana. Yowe liliweza kuwa jepesi kwa sababu halikuwa la mwisho. Baada yake kulikuwa na wazee, tangazo, siku na jani. Lilipobaki peke yake, lilibebeshwa kazi tatu, na hukumu ikawa mojawapo.

Matokeo haya yana maana kwa wanaofundisha fasihi simulizi. Maapizo yanapofundishwa kama mifano ya kisasi tu, mwanafunzi hunyimwa kuona sarufi ya shaka iliyomo ndani yake. Yana maana pia kwa wanaofundisha walinzi wa mitaa na waandishi wa habari. Mlinzi anaweza kufundishwa kuitikia yowe kama mgambo wa methali, yaani kwenda kujua kuna jambo gani. Mwandishi anaweza kuuliza idadi, mahali na aliyepiga yowe la kwanza kabla ya kuandika wananchi wenye hasira kali.

Penye wengi hapaharibiki neno, husema methali. Na nyingine husema penye wengi pana mengi. Zote mbili ni za kweli katika njia ya kihamba usiku. Ipi itatimia hutegemea kama miongoni mwa wengi waliofika yupo mmoja anayeuliza kilichoibiwa, saa ngapi, na nani aliyeona.